Bega sugu: sindano au mazoezi?

Wavuta nyavu za dagaa na wabeba matenga wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wanalijua bega hili: ukiinua mkono linachoma, na usiku upande huo haulaliki. Mara nyingi ni kano zinazolishikilia bega, nazo ni nne, zimechoka. Kabla ya kufikiria kisu, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, na kuna mazoezi.

Sindano ina raha yake. Ndani ya siku chache maumivu hupungua, usingizi unarudi. Ila nafuu hiyo kwa kawaida ni ya wiki kadhaa, na ukichomwa mara kwa mara kano yenyewe hudhoofika. Mwenye kisukari aseme mapema, maana sukari hupanda kwa siku kadhaa.

Mazoezi yanataka subira, wiki 12 hivi. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, atakuanzisha. Nyumbani kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha. Kifunge kwenye nondo ya dirisha, bana kiwiko ubavuni ukiwa umekikunja, vuta mkono kuelekea nje taratibu, kisha urudishe taratibu zaidi. Wengi hapo kwenye kurudisha huachia tu, na ndipo penye kazi! Maumivu kidogo si neno. Yakibaki mpaka kesho yake, punguza.

Mimi ningeanza na mazoezi. Sindano ningemwachia ambaye maumivu hayamruhusu hata kuanza, apate mwanya wa kuyafanya. Aliyeanguka mtumbwini na ghafla mkono hauinuki, aende Bugando au hospitali iliyo karibu. Huenda kano imekatika.