Riwaya za mapenzi za Krismasi na filamu za msimu: kipi kinafaa jioni zako?

Anayefungua riwaya ya mapenzi ya Krismasi anajua tangu jalada kwamba wawili waliochorwa pale watapendana, watakosana, kisha watapatana kabla ya mwaka kwisha. Mtazamaji wa filamu za msimu naye anajua hivyo hivyo, na mwenye uzoefu hukisia hata busu litakuja wakati gani. Wanaozibeza kazi hizi huanzia hapo, wakisema kwamba hadithi ambayo mwisho wake unajulikana haina haja ya kuanzwa. Nimezisoma na kuzitazama kwa miaka kadhaa, na naona hoja hiyo haina uzito, kwa sababu mwisho mwema ndiyo ahadi ambayo mnunuzi ameilipia. Kinachopaswa kupimwa ni kile kinachowazuia wahusika wasiufikie mapema, na kwa kipimo hicho vitabu vinazishinda filamu kwa mbali, ingawa filamu zina kazi yake nyingine ambayo kitabu hakiiwezi.

Nianze na filamu, kwa kuwa ndizo wengi hukutana nazo kwanza. Sura ya msimu huu kama tunavyoifahamu leo imechangiwa sana na chaneli ya Hallmark ya Marekani. Kampuni iliyoizaa ilianza mwaka 1910 katika mji wa Kansas City kwa kuuza kadi za posta, ikaja kujulikana kwa kadi za salamu, na tarehe 24 Desemba 1951 ilidhamini katika televisheni ya NBC opera fupi ya Krismasi, yaani tamthilia ya kuimbwa, ya mtunzi Gian Carlo Menotti, iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya televisheni. Mfululizo wake wa filamu za Krismasi, Countdown to Christmas, ulizinduliwa mwaka 2009, na siku hizi hufunguliwa Oktoba, kabla watu wengi hawajaanza hata kuifikiria Desemba. Katika miaka ya karibuni kila msimu umeleta filamu mpya zaidi ya 20. Netflix nayo imeingia katika mkondo huo, pamoja na wana wa wafalme wa nchi zisizokuwemo katika ramani yoyote.

Asili ile ya kadi haijafutika. Kila pembe ya picha imepangwa, kila mlango una shada lake, na hakuna chumba kisicho na taa ndogondogo zinazometameta. Lakini ukitazama kwa karibu utaona mishono. Filamu hizi hupigwa kwa wiki mbili au tatu, nyingi zikipigiwa Kanada, na mara nyingi katikati ya kiangazi, kwa hiyo waigizaji huvaa makoti mazito na mitandio ya sufu juani huku theluji ikitengenezwa kwa povu, karatasi au barafu iliyosagwa. Wanapozungumza nje usiku, mvuke hauwatoki mdomoni. Chembe nyeupe zilizowaangukia mabegani huingia nazo ndani, zikakaa mbele ya moto dakika tano nzima bila kuyeyuka. Vikombe vya kahawa huinuliwa kwa wepesi unaotoa siri kwamba ni vitupu. Mimi kasoro hizi hazinikeri. Kuzivizia ni nusu ya raha, hasa mkiwa wengi mbele ya televisheni moja.

Kinachonikera ni kikwazo chenyewe. Filamu inayopewa nafasi ya saa mbili katika ratiba huwa na takriban dakika 84 za hadithi, zilizobaki zikienda kwa matangazo ya biashara, na kabla ya kila tangazo lazima liwepo jambo dogo la kumzuia mtazamaji asihame chaneli. Ndani ya muda huo vinatakiwa viingie kuupamba mti, tamasha la watoto, kwaya, sherehe ya mji na theluji ya kwanza. Mapenzi hupata makombo. Ndiyo maana, robo tatu ya filamu ikishapita, binti husikia nusu ya mazungumzo ya simu, akaamini kwamba kijana amekubali kuiuza nyumba ya wageni ya wazazi wake, akafunga mizigo na kuondoka bila kuuliza. Ugomvi ambao swali moja lingeumaliza hauwezi kumtia mtu wasiwasi, na wapatanapo mtazamaji hana la kushangilia, kwa kuwa hawakushinda chochote.

Pamoja na hayo, sishauri mtu azizime. Filamu ya msimu inavumilia nyumba yenye watu. Unaweza kuitazama huku ukifunga zawadi, ukaondoka dakika kumi kumpokea mgeni, ukarudi na usiwe umepitwa na lolote, na bibi na mjukuu wanaweza kuketi pamoja bila yeyote kuinamisha macho kwa aibu. Mazoea ya kurudia filamu zilezile kila Desemba nayo yana historia yake, na sehemu moja ya historia hiyo ilitokana na uzembe wa makaratasi: filamu ya It's a Wonderful Life ya mwaka 1946 haikupata mafanikio ya kifedha ilipotoka, lakini mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, na vituo vya televisheni vya Marekani vikapata mwanya wa kuirusha tena na tena kila sikukuu, hadi watu wakaizoea na kuipenda. Kurudiwa kwenyewe kulitosha kuitia filamu utamu ambao tangazo lolote lisingeuweza.

Kitabu hakivumilii zogo kama hilo, ila kinalipa zaidi. Hata riwaya fupi za kategoria, yaani zile zinazotolewa kwa mfululizo kwa urefu na muundo uliokwisha pangwa, ambazo wengi huzidharau kuliko zote, hupata takriban maneno 50,000. Hizi ndizo zilizozijengea jina Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kuinunua Mills & Boon mwaka 1971. Nafasi hiyo inamtosha mwandishi mwenye ujuzi kuingia akilini mwa mhusika na kukaa humo, jambo ambalo kamera hulibahatisha kwa kumsogelea mwigizaji usoni.

Chukua tukio ambalo halikosekani katika hadithi za aina hii, la wawili wasiopatana kulazimika kuupamba mti pamoja. Filamu hulipitisha kwa dakika mbili, muziki ukiwa umeyafunika mazungumzo na wao wakicheka. Riwaya nzuri inaweza kulitengea sura nzima. Mjane anafungua sanduku la mapambo ambalo halijaguswa tangu mumewe afariki. Juu ya waya wa taa kuna kikaratasi kinachosema balbu ya tisa imeungua, ibadilishwe. Mgeni aliyekuja kusaidia anakisoma kwa sauti, hajui mwandiko ni wa nani, na anauliza akitupe. Hapo hakuna aliyemwelewa mwenzake vibaya. Muda mfupi baadaye wote wawili wanajua vizuri kabisa kilichopo kati yao, na bado hawawezi kukivuka jioni hiyo wala ile inayofuata. Kurasa mia moja baadaye, mgeni huyo anapoibadilisha balbu yeye mwenyewe bila kuambiwa, msomaji hahitaji muziki wa kumjulisha kwamba jambo limetokea.

Kikwazo cha namna hiyo, kinachotoka ndani ya mtu na si katika simu iliyosikiwa nusu, ni cha zamani katika hadithi za Krismasi kuliko wengi wanavyodhani. Kitabu cha mwandishi Mwingereza Charles Dickens, A Christmas Carol, kuhusu bakhili aitwaye Scrooge, kilichotoka tarehe 19 Desemba 1843, hakihesabiwi kuwa hadithi ya mapenzi, lakini katikati yake umo uchumba uliovunjika: Belle anamwachilia Scrooge kijana kwa sababu ameona fedha imechukua nafasi yake moyoni mwa mchumba huyo. Hakuna uzushi wala mtu wa tatu. Waandishi wa leo wameligeuza tukio hilo, wakampa mwanamke kazi kubwa mjini na kumfanya yeye ndiye aliyesahau kupenda, kisha wakamrudisha katika mji mdogo aliozaliwa ili aponywe na fundi seremala.

Na hapa ndipo riwaya nazo huniudhi. Nimechoka na mhusika ambaye thawabu ya mapenzi kwake ni kuacha kazi aliyoisomea miaka mingi, huku mwanamume asitakiwe kuhama hata nyumba. Mchumba wa mjini, yule anayeachwa, huchorwa kama mtu wa kutazama saa na kujibu barua pepe tu, ili msomaji asimwonee huruma. Ni hila rahisi mno, na inaipunguzia hadithi uzito, kwa kuwa kumwacha mtu asiye na thamani si uamuzi mgumu. Waandishi walio bora humpa huyo naye utu, wakaacha kuachana huko kuumize. Kuhusu mtoto yatima mwenye maneno ya hekima kuliko umri wake, sina la kuongeza. Yumo kila mahali, na mara nyingi ningependa afundishwe kukaa kimya.

Anayetaka kuchagua vizuri asitegemee jalada, kwa sababu majalada yote yana theluji. Asome maelezo ya nyuma na atafute ni nini hasa kinawatenga wawili hao. Kama ni siri ambayo ingekwisha kwa kuambiana, na hakuna sababu ya maana ya kutoambiana, kitabu hicho kitachosha kabla ya nusu. Mikusanyo ya hadithi fupi kadhaa ndani ya kitabu kimoja huvutia kwa bei na kwa wepesi, lakini kwa kawaida huwa dhaifu, maana kurasa 80 hazitoshi mtu kumchukia mwenzake kwa haki na kisha kumpenda kwa haki. Vitabu vya kusikiliza vinafaa kwa mwenye kazi za mikono, ila sikiliza kipande cha majaribio kwanza: msomaji anayeigiza kila sauti ya kiume kwa kukoroma anaweza kuharibu hata kazi safi. Mwisho, riwaya nyingi za msimu huandikwa kwa mfululizo, kila kitabu kikimchukua ndugu mmoja wa ukoo uleule. Unaweza kuanza na chochote isipokuwa cha mwisho, kwa kuwa humo wachumba wa vitabu vyote vya nyuma hukusanyika wakiwa wameshaoana na kuzaa, na siri zao zote zimeshatoka.