Masta ya vyumba vya kupangisha: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wakuu, kama una vyumba nane tisa au kagesti na umechoka kuzunguka na tita la funguo kiunoni, soma kwanza kabla hujaenda dukani, maana kwa jina la "masta" unaweza kuuziwa kitu chochote. Masta ni mpango ambao kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake tu, na wewe una ufunguo mmoja unaofungua vyote.

Ndani ya silinda, ile sehemu ya kitasa unapoingiza ufunguo, kuna pini zinazosukumwa na springi, kila pini ina ya juu na ya chini, ufunguo ukiingia unazinyanyua mpaka maungio yote yanakaa mstari mmoja ndo silinda inazunguka. Kwenye masta wanaongeza kisahani kidogo katikati, kwahiyo kila pini inakuwa na maungio mawili, la mpangaji na la kwako. Sasa piga hesabu: pini tano zote zikiwa na kisahani, maumbo ya ufunguo yanayoweza kufungua ni 32, sio mawili! Yaani unaongeza hela na ulinzi wa mlango unapungua kidogo.

Namba moja kwangu ni silinda ya yuro (ile inayochomolewa yenyewe bila kung'oa kitasa), pini sita, yenye kadi ya umiliki, ile ambayo ufunguo wake mbichi, yaani ambao haujachongwa, hauuzwi hovyo na bila kadi hiyo huchongewi kopi. Bei inauma. Ila mpangaji akihama na ufunguo, unatoa skrubu moja ubavuni mwa mlango, unazungusha ufunguo kidogo, unavuta silinda, unapachika nyingine, umemaliza, hakuna kumwita seremala. Omba silinda mbili za akiba za masta hiyohiyo siku ya kuagiza, mimi sikuomba nikaja kuhangaika wiki mbili.

Namba mbili, masta ya kawaida ya pini tano. Kwa vyumba vichache vya watu unaowajua inatosha, lakini fundi yeyote wa chini ya mwembe anachonga kopi yake, tena mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Matt Blaze, alionyesha kwamba mwenye ufunguo wa chumba kimoja na kitasa chake anaweza kuupata ufunguo wa masta kwa funguo mbichi chache tu, bila kubomoa chochote.

Kitasa cha umeme kinachofunguliwa kwa kadi badala ya ufunguo naweka cha tatu na ni kwa gesti tu, kadi ikipotea unaifuta maisha yanaendelea. Chukua chenye tundu la ufunguo wa dharura, betri zikiisha usiku utanikumbuka.

Halafu kuna kufuli za seti zenye ufunguo mmoja. Hiyo SIO masta jamani! Kila ufunguo unafungua zote. Stoo na geti sawa, vyumba vya wapangaji utagombanisha watu.

Mkiani kabisa ni vitasa vya leva mbili (vibati viwili vya ndani vinavyonyanyuliwa na ufunguo, badala ya pini), vile vya ufunguo mrefu, maumbo ya funguo zake ni machache mno, wa chumba cha nne unaweza ukafungua cha saba, masta ya bure hiyo 😂

Chumba unachoweka hela na hati usikiingize kwenye masta, kipe kitasa chake peke yake. Na masta chonga mbili tu, ya pili ikae nje ya hiyo nyumba.