Nairobi Gallery: ofisi ya vizazi na vifo iliyogeuzwa nyumba ya sanaa

Anayetarajia jumba la sanaa la vioo na chuma huenda akapita hapa bila kugeuza shingo, kwa kuwa Nairobi Gallery, iliyo kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ni nyumba fupi ya mawe iliyojengwa mwaka wa 1913, na Jumba la Nyayo lililo jirani limeizidi kimo mara nyingi. Ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Wakazi walifika kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na nje yake ndipo ilipo alama ya sifuri, ambapo umbali wa kutoka Nairobi ulianza kuhesabiwa.

Ustadi wa mjenzi huonekana katika ukumbi wa kati, wenye pembe nane na kuba juu yake. Ukumbi huo ndio unaoviunganisha vyumba, hivi kwamba mgeni akimaliza kimoja hurudi kitovuni na kuchagua kingine, bila kuhitaji mishale ukutani. Aliyekuja kuandikisha mtoto hakuwa na sababu ya kupotea, na mtazamaji wa leo pia hana.

Wapo wanaolalamika kwamba vyumba ni vidogo. Ni kweli, na turubai pana ingebanwa humu. Lakini mkusanyo unaoonyeshwa ni wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, na mkewe Sheila, nao una vito, nguo na vitu vingine ambavyo mtu huvisogelea ili aone ushanga ulivyotungwa na uzi ulivyopita. Kwa kazi za namna hiyo, chumba kidogo ni msaada. Nimewahi kuzuru jumba jipya jijini, ambalo sitalitaja, lenye ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi: saa kumi alasiri nilisimama mbele ya mchoro uliofunikwa kioo, nikaishia kuikagua tai yangu mwenyewe.

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yanayoisimamia nyumba hii, yamefanya vyema kutoibomolea kuta ili kupata ukumbi mkubwa. Ningeshauri mgeni afike asubuhi na, kabla ya kusoma kibandiko chochote, asimame kwanza chini ya kuba na kuinua macho.