Davenport ya walnati: uzoefu wangu na kidawati cha Kiingereza cha vinia

Wenzangu mlioko Uingereza mnaotafuta meza ya kuandikia, kabla hamjatoa hela kwa yale madawati ya chipbodi ya madukani, angalieni kwanza Davenport. Yangu ni ya enzi za Malkia Victoria, nimeipata mnadani kwa pauni mia mbili na kitu, na vitu hivi miaka ya 1990 vilikuwa ghali mno, siku hizi samani za kale za mbao zimeshuka bei kwa sababu watu wanataka nyumba nyeupe tupu.

Jina linatokana na Kapteni Davenport, mteja aliyewaagiza Gillows, mafundi samani wa Lancaster, wamtengenezee dawati la aina hii mwishoni mwa miaka ya 1700. Ni kadogo, juu kuna mfuniko ulioinama wenye ngozi, ukiuinua unaweka karatasi ndani, ubavu wa kulia una droo nne za kweli na wa kushoto una nne za uongo, vishikio vipo ila hazifunguki, ni ili pande zifanane tu.

Sasa tuje kwenye vinia, yaani utando mwembamba wa mbao nzuri unaogandishwa juu ya mbao nyingine, maana ndo roho ya kitu chenyewe. Kila nikimwambia mtu ni vinia ananijibu aah kumbe si mbao kamili, umepigwa. Hapana jamani! Hii ni walnati ya nundu, ule uvimbe unaoota kwenye shina la mti, ndani nyuzi zimejisokota hazina mwelekeo na kuna vijicho vyeusi vimetapakaa kila mahali. Nundu hiyo ukiifanya ubao mzima itapinda na kupasuka, kwa hiyo mafundi waliipasua vipande vyembamba wakavigandisha juu ya mbao iliyotulia. Nimekaa na tochi nikafuata kijicho kimoja upande wa kulia wa mfuniko, na pacha wake yupo kushoto palepale, kwa sababu vipande viwili vilifuatana chini ya msumeno halafu fundi akavifunua kama kurasa za kitabu. Pale ukingo ulipomeguka unaona unene wake, inapita milimita moja, wakati vinia nyingi za sasa ni kama milimita 0.6 tu.

Walnati ina historia yake pia. Baridi kali ya 1709 iliua miti mingi Ulaya, 1720 Ufaransa ikapiga marufuku kuiuza nje, Waingereza wakahamia mahogani ya Jamaika na Kuba, mpaka enzi za Victoria walnati ikarudi kwa kishindo.

Kilichoniudhi ni maelezo ya muuzaji, aliandika walnati tupu wakati ukichomoa droo tu unaona kuta zake ni za mwaloni. Halafu kona moja ya chini vinia ilikuwa imebanduka. Hilo halikunitisha, gundi ya zamani ni ya ngozi na mifupa ya wanyama, inalainika kwa joto na maji, fundi akaingiza mpya ya aina hiyohiyo, akabana na klampu, sasa hivi hata ukipapasa kwa kidole huoni kitu. Msiruhusu mtu apige msasa wa mashine, atatoboa vinia mpaka mbao ya chini na hapo hakuna dawa. Na msiiweke karibu na radieta ya kupashia nyumba joto, mbao ikikauka inasinyaa na vinia inaachia.

Kwa laptopu ya kutwa nzima haifai, mfuniko umeinama na magoti hayana nafasi. Kwa kuandika kwa mkono, bili, barua, shajara, sijawahi kukaa kwenye meza tamu hivi, mkono unalala wenyewe.

Nyota nne na nusu. Mkinunua bila kuiona, mwambieni muuzaji apige picha ya kona za chini, mgongo wa dawati, na droo moja ikiwa imechomolewa kabisa.