Kuku wa Polish: mwaka na miezi miwili nikiwafuga Bombo, Uganda

Wateja wangu wa rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wakiniona nimeshika yai jeupe huuliza, "Mama Zaina, hilo la kienyeji?" Huwaambia hapana, ni la Polish, na wengine huomba niwapeleke nyuma ya nyumba wamwone. Wakimwona husahau chapati zao.

Niliowanunua ni weusi tii wenye kishungi cheupe. Vifaranga wanne wa wiki nane, shilingi 60,000 kila mmoja, kwa mfugaji wa upande wa Wakiso. Aliniapia kuwa ni mitetea watupu. Mmoja akawika. Kishungi cha mtetea hujikusanya kikawa mviringo kama mpira, cha jogoo kina manyoya marefu yenye ncha yanayoanguka huku na huku. Mtu anayeishi kwa kuuza kuku hawa alipaswa kunieleza hilo kabla ya kupokea hela yangu.

Jina lisikupoteze, hawa si kuku wa Poland. Walikostawishwa ni Uholanzi, na kitabu cha viwango vya kuku cha Marekani kinawataja tangu 1874. Pitisha kidole kichwani taratibu, utagusa nundu ya mfupa chini ya manyoya. Kifaranga hutoka nayo kwenye yai, utosi umevimba. Mfupa wa hapo ni dhaifu, kwa hiyo usiwachanganye na kuku wanaopenda kudonoa wenzao. Nilijaribu kuwaweka na kuroiler, kuku chotara, siku mbili tu, nikakuta kishungi kimoja kimenyonyolewa na kinatoka damu.

Tatizo kubwa ni macho. Manyoya huwafunika, hawaoni juu wala pembeni. Asubuhi moja ya Aprili kipanga alishuka uani. Kuku wa kienyeji wote walikuwa wameshakimbilia chini ya migomba, Polish wangu mmoja akabaki palepale anadonoa mukene, yaani dagaa. Nililia, sifichi. Tangu siku hiyo wanakaa ndani ya wavu uliofunikwa juu, na manyoya ya mbele ya macho nayapunguza kwa mkasi. Siku ya kwanza nilipomkata mmoja, alisimama akageuza shingo polepole, akatembea moja kwa moja hadi mlango wa jiko ambao hakuwahi kuufikia.

Ukiingia bandani ongea kwanza, hushtuka sana wakiguswa ghafla. Maji wape kwenye chombo chenye mdomo mwembamba ili kishungi kisilowe. Kila Jumamosi nafunua manyoya kutafuta utitiri, na mara mbili nimewakuta.

Kuhusu mayai nina furaha kuliko nilivyotarajia. Mitetea wawili waliobaki walinipa mayai 34 mwezi wa Septemba. Ni madogo kuliko ya kuku wa trei, ganda jeupe safi, na kwa kuwa nawapa dodo (mchicha) kila jioni, kiini ni cha njano iliyokolea. Kwenye rolex natumia matatu badala ya mawili. Kwa biashara ya trei kamwe hawafai, chukua kuku wa mayai wa kawaida. Nyama yao ni kidogo, mtetea wangu mkubwa ana kilo mbili tu.

Jambo ambalo muuzaji hakulitaja kabisa ni kwamba karibu hawaatamii. Wangu hutaga, huondoka, hawageuki nyuma. Niliyachukua mayai manane nikamwekea koo wangu wa kienyeji, mwekundu mwenye shingo uchi, naye akaketi siku 21 bila kulegea. Sita walianguliwa, kila mmoja na uvimbe wake utosini, na yule mama anawaita na kuwafunika kama wake.

Wana wiki tano sasa. Jirani tayari anataka wawili na ameleta hela mkononi. Nimemrudishia, nimemwambia asubiri vishungi vikue tujue nani jogoo.