Runinga yangu ya inchi 43 na nyekundu iliyokuwa ikinidanganya

Nina miezi minne na runinga hii. Niliinunua Kariakoo kwa laki sita na nusu. Jina la kampuni naliacha, maana ninayoyasema yanazihusu runinga nyingi za bei hii. Mimi ni fundi cherehani, rangi ndiyo kazi yangu kutwa.

Wiki ya kwanza niliweka Hero, filamu ya Zhang Yimou ya mwaka 2002, ambayo naipenda tangu enzi za DVD. Jet Li anaingia ukumbini kwa mfalme wa Qin, dola ya kale ya China, kueleza alivyowaangamiza watu watatu waliotaka kumuua mfalme huyo. Kisa ni kimoja, lakini kinasimuliwa zaidi ya mara moja, na kila simulizi ina rangi yake, kuanzia mavazi mpaka mapazia. Kwenye nyekundu, wapenzi Broken Sword na Flying Snow, wawili kati ya wale watatu, wamejaa wivu, hawasemeshani. Kwenye buluu, watu wale wale wametulia, kila mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Binti yangu wa darasa la sita akauliza, "Mama, mbona hadithi ile ile wamebadilisha nguo?" Nikamwambia, angalia nani anasimulia. Nyekundu ni maneno ya Jet Li, na ni uongo. Buluu ni mfalme anakisia. Nyeupe ndiyo kweli yenyewe.

Sasa runinga yangu ikaharibu hapo hapo. Nyekundu iliwaka mpaka mikunjo ya nguo ikapotea, hariri ikawa kama nailoni. Nyeupe ndiyo iliniuma zaidi: ilikuwa kama shuka lililozidishiwa buluu ya kufulia. Mwongozaji ametenga buluu na nyeupe ili ujue dhana ni ipi na kweli ni ipi, halafu kioo kinazichanganya!

Nilirudi dukani, kijana akasema zote ziko hivyo. Sikuridhika. Nikaingia kwenye menyu ya picha, nikakuta imewekwa "Vivid". Hiyo ni ya kung'arisha runinga dukani, chini ya mataa makali, ishinde za jirani yake. Nikaipeleka "Movie". Mwanzoni picha inaonekana ya njano na imefifia. Lipe jicho dakika kumi lizoee. Nyeupe inayotumiwa studio kupimia picha ni ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na mwanga wa mchana, na Vivid huipandisha mbali zaidi ya hapo, ikaegemea buluu. Nikazima na kile kinacholainisha mwendo, maana kilifanya mapambano yaonekane kama tamthilia ya jioni.

Tukairudia. Flying Snow na Moon, mwanafunzi wa Broken Sword, wanapigana msituni, wote wamevaa nyekundu, majani ya njano yanapeperuka kila upande. Moon anapokufa, majani yote yanageuka mekundu. Mara ya kwanza sikuliona hilo vizuri, kwa sababu yalikuwa rangi ya chungwa tangu mwanzo. Safari hii niliiona njano ikimezwa, na binti yangu akanishika mkono. Mavazi ni ya Emi Wada, yule aliyepata Oscar kwa mavazi ya filamu ya Ran. Kivuli kilikuwa ndani ya mkunjo, mwanga kwenye pindo, na nikaweza kukisia uzito wa kitambaa kama nimekishika.

Kasoro iliyobaki ni nyeusi. Upande wa Qin kila kitu ni cheusi, kuanzia deraya mpaka ukumbi, na mfalme amekaa nyuma ya safu za mishumaa ambayo miali yake inamfichulia nia ya mgeni. Hapa weusi wote ni majivu, na pembeni mwanga unavuja. Hakuna setingi inayolitibu hilo. Nimeweka taa ndogo nyuma ya runinga, angalau jicho linaona giza zaidi. Sauti pia ni nyembamba, naipitisha kwenye sabufa.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena. Ila ukifika nayo nyumbani, kabla hujaweka filamu yoyote, shika rimoti uitoe kwenye Vivid.