Vyuo vitatu vya uhandisi nilivyovizungukia na mdogo wangu

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na anataka uhandisi wa umeme. Nyumbani wakanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye mhandisi pekee kwenye ukoo. Nikaomba ruhusa kazini, tukazunguka vyuo vitatu hapa Dar. Naandika kwa ajili ya mzazi, kaka au dada mwingine aliye kwenye shughuli hiihii.

Niseme mapema: mimi nimesoma DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, nikaingia kwa njia ya stashahada baada ya kidato cha nne. Nakipenda, na sababu yake iko karakana. Siku za mwanzo nilipewa kipande cha chuma, tupa na jiriwa, nikaambiwa nikifanye kiwe mraba. Nilipiga tupa siku tatu. Mwalimu anaweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, anainua kipande usawa wa dirisha. Akiona mwanga unapenya ukingoni, anakurudishia bila neno. Malengelenge yalipasuka. Siku ya nne mwanga ukazibwa pande zote, naye akaguna tu, akapokea cha mwenzangu. Leo fundi akiniambia saiti, "Injinia, imepishana kidogo tu," najua hicho kidogo ni kiasi gani.

Chuo chenyewe ni cha zamani, kilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, kikawa DIT mwaka 1997. Kipo katikati ya jiji, kituo cha mwendokasi kiko hapo hapo. Ila chumba cha kupanga cha bei ya mwanafunzi utakifuata mbali, hilo lipangeni mapema.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni hali nyingine. Uhandisi unafundishwa pale tangu 1973, na kuna nafasi ya kupumua: miti, maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018, hosteli za Magufuli zenye nafasi za wanafunzi 3,840. Kwa kijana anayependa hisabati kwa dhati, na anayetaka kukaa meza moja na wa sheria au uchumi, ni pazuri sana. Mdogo wangu alisimama mbele ya ile maktaba hadi nikamvuta mkono.

Chuo cha tatu sikitaji jina. Vioo vinang'aa, kipeperushi kizuri, ada juu kuliko vyote. Nikaomba kuona karakana. Ufunguo ulitafutwa dakika arobaini. Ndani, mashine za kukereza zimefunikwa nailoni yenye vumbi, osiloskopu mbili, vyombo vya kupimia mawimbi ya umeme, ziko kwenye maboksi, gundi ya kiwandani haijabanduliwa. Nikauliza, wa mwaka wa tatu wanapimia nini? Nikajibiwa wanaonyeshwa video. Iliniuma, kwa sababu kuna mzazi aliyeuza ng'ombe kulipia video hizo.

Kwa hiyo ukienda, acha ukumbi wa mapokezi, omba karakana na maabara, tena siku ya masomo. Tazama kama mashine zina mafuta na vyuma vilivyokatwa chini. Mkamate mwanafunzi wa mwaka wa tatu, muulize PT yake, yaani mafunzo kwa vitendo, alifanyia wapi na aligusa nini. Kozi iangalie kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, kisha uliza kama Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawasajili wahitimu wake. Hilo la pili wengi hulisahau, na bila usajili huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi. Baada ya shahada bado kuna miaka mitatu ya kujifunza chini ya wahandisi kazini. Huko ndiko mikono isiyowahi kushika kitu hupata tabu.

Maombi katuma DIT na Mlimani, umeme kote kuwili. Akipata vyote atathibitisha kimoja, na nimemwahidi sitamsukuma. Tupa nimeshamnunulia pale Gerezani, ya inchi kumi.